Mikia, Matamvua na Kucha: Kuwatambua Tunutu wa Maji Baridi

Tunutu wa majini ni mdudu mchanga anayekua ndani ya maji bila kupitia hatua ya pupa. Yai likianguliwa hutoka kiumbe mwenye miguu sita, macho na vipapasio, na umbo hilo huendelea naye hadi atakapopata mabawa. Ngozi ikimbana huibambua na kuota nyingine. Efemera wengine hufanya hivyo zaidi ya mara ishirini. Kadiri anavyokua, vifuko vya mabawa vilivyo mgongoni hurefuka. Siku ya mwisho ngozi hupasuka juu ya kifua, mdudu anayeruka hujitoa, na ganda tupu hubaki likishikilia jiwe au unyasi.

Katika mito, mabwawa na maziwa ya Afrika Mashariki wapo tunutu wa makundi manne: efemera, plekoptera, kereng'ende na kunguni wa majini. Mbu, usubi, mbawakawa wa majini na trikoptera, wale wajengao vijumba vya mchanga na vijiti, hufuata njia nyingine: huanza kama viluwiluwi au mabuu, kisha hugeuka pupa. Wavu wa mtafiti hauchagui, hivyo wote hujikuta katika sinia moja, na kazi huanza kwa kuwatenga tunutu na wasio tunutu.

Alama ya kutazama kwanza iko mgongoni. Tunutu aliyekomaa kiasi ana vifuko vya mabawa vinavyoonekana wazi, vimelala juu ya kifua na kuelekea nyuma. Buu hana vifuko hivyo hata akiwa mnene kiasi gani, kwa kuwa mabawa yake hujijenga ndani ya mwili. Alama ya pili ni macho: tunutu ana jicho kubwa kila upande, lililoundwa kwa vijimacho vingi, ilhali buu ana nukta chache tu au hana kabisa.

Wapo mabuu wawili wanaowapoteza hata wenye uzoefu. Wa kwanza ni wa mbawakawa wa familia ya Gyrinidae, wale weusi wanaozunguka kwa kasi juu ya maji yaliyotulia. Buu lao lina matamvua kama manyoya yaliyopangwa pande zote mbili za tumbo, kama efemera hasa. Lakini halina vifuko vya mabawa, na mwisho wa tumbo una kulabu nne ndogo badala ya mikia. Wa pili ni wa familia ya Dytiscidae, mwenye mikia miwili na kucha mbili kwa kila mguu, ambaye huandikwa plekoptera katika daftari nyingi za wanafunzi. Taya zake zilizopinda kama mundu humfichua, na mgongo wake usio na vifuko humaliza ubishi.

Ni vyema kuwatazama tunutu wakiwa hai kabla ya kuwatia katika alkoholi. Vifaa vinavyohitajika ni vichache: wavu wenye matundu madogo, sinia jeupe, kijiko, brashi laini na lenzi inayokuza mara 10. Katika maji yanayokimbia, wavu huwekwa upande yanakoelekea, na mawe yaliyo mbele yake hugeuzwa na kusuguliwa kwa mguu au mkono ili wadudu wasukumwe ndani. Mimea ya ukingoni hupigwapigwa kwa wavu, na mchanga huchukuliwa peke yake. Vitu vilivyonaswa vikimiminwa kwenye sinia lenye maji kidogo, mwendo wa kila mdudu huanza kumtaja. Efemera huogelea kwa kukunja tumbo juu na chini. Kereng'ende wembamba hujinyonganyonga kulia na kushoto kama samaki. Kereng'ende wanene hutambaa polepole, kisha wakiguswa huruka mbele ghafla kwa kusukuma maji kutoka mwisho wa tumbo. Plekoptera hutambaa harakaharaka kutafuta upande wa chini wa jiwe, na kunguni wa familia ya Notonectidae huogelea chali.

Baada ya mwendo ndipo huja mikia, na hapa pana mtego. Vitabu vingi vya shule hufundisha kwamba efemera ana mikia mitatu na plekoptera miwili. Kanuni hiyo husaidia kwa sehemu kubwa, lakini haitoshi kuegemewa peke yake. Mikia hukatika ndani ya wavu, hukatika ndani ya chupa, na samaki huing'ata. Zaidi ya hayo, katika familia ya Baetidae, iliyo ya kawaida kuliko zote katika mito yetu, wamo wenye mkia wa kati uliofupika hadi ukabaki kijiti kisichoonekana bila lenzi. Anayehesabu mikia tu atawaita plekoptera na kutangaza kwamba mto ni safi kuliko ulivyo.

Ukucha ni shahidi bora. Efemera ana ukucha mmoja mwisho wa kila mguu. Plekoptera na kereng'ende wana mbili. Matamvua nayo hukaa mahali tofauti: ya efemera yamepangwa kandokando ya tumbo, mara nyingi kama vijani au manyoya yanayopepea, ya plekoptera wetu ni vishada vilivyo kwenye mashina ya miguu, chini ya kifua. Kereng'ende wembamba hubeba yao nyuma kabisa, na kereng'ende wanene wameyaficha ndani ya utumbo wa nyuma. Kwa hiyo utaratibu wenye usalama ni kutazama ukucha, kisha mahali pa matamvua, na mikia mwisho.

Efemera ndio wanaostahili muda mwingi, kwa kuwa wana sura nyingi kuliko kundi lingine lolote la tunutu na kila sura inaeleza namna ya kuishi. Wale wa Baetidae wana mwili mwembamba wa mviringo unaochongoka kuelekea nyuma, na huogelea kwa miruko mifupi. Wa familia ya Heptageniidae, ambao katika ukanda huu mara nyingi ni wa jenasi ya Afronurus, wamebanwa bapa kana kwamba wamekanyagwa: kichwa ni kipana, macho yako juu yake badala ya pembeni, na miguu imetandazwa. Jiwe likitolewa majini, wao hujibandika juu yake na kuteleza kiubavu, jambo ambalo Baetidae hawalifanyi.

Afronurus wana habari nyingine inayofaa kujulikana na wanaochunguza usubi, nzi wadogo weusi ambao baadhi yao hueneza ugonjwa wa upofu unaoitwa kwa jina hilo hilo. Nchini Kenya ugonjwa huo ulikuwa ukienezwa na Simulium neavei. Viluwiluwi vya usubi wengi hupatikana vimeng'ang'ania mawe na majani ndani ya mkondo, lakini vya nzi huyu vilitafutwa kwa miaka bila kuonekana. Mwaka 1950, van Someren na McMahon walitangaza katika jarida la Nature kwamba wamevikuta juu ya miili ya kaa wa mtoni. Na katika taarifa hiyo hiyo walieleza usubi wa aina nyingine waliokuwa wamepanda juu ya tunutu wa Afronurus. Kwa hiyo tunutu mwenye kitu kama punje iliyonata ubavuni asisafishwe kabla hajakaguliwa. Punje hiyo inaweza kuwa kiluwiluwi au pupa wa usubi, na nyakati nyingine ndiyo yenye thamani kuliko mdudu aliyeibeba.

Katika tope laini na sehemu zenye maji yaendayo taratibu hupatikana Caenidae, wadogo, wa rangi ya vumbi, ambao mara nyingi hupita bila kuonwa kwa sababu hawatikisiki. Dalili yao haina mfano: jozi moja ya matamvua imegeuka vifuniko viwili vya mraba vinavyolala juu ya mengine na kuyakinga na matope. Lenzi ikionyesha vifuniko hivyo, hakuna haja ya kuendelea kutafuta. Leptophlebiidae nao hutambulika kwa matamvua yaliyogawanyika, mengine yakiwa na ncha kama nyuzi, na kwa mikia mitatu mirefu inayotanuka kwa upana.

Mahali ambapo maji hukimbia kwa nguvu juu ya mawe wapo wanaochuja chakula. Oligoneuriidae wana safu mbili za nywele ndefu kwenye miguu ya mbele; tunutu huikunjua miguu hiyo mbele ya kichwa, na mkondo wenyewe humletea chakula. Tricorythidae wana nywele nyingi mdomoni kwa kazi ya namna hiyo, na hushikilia mawe kwa miguu mifupi yenye nguvu. Anayechunguza maporomoko madogo na kukosa makundi haya yote mawili ana sababu ya kujiuliza maji yamepatwa na nini huko juu.

Prosopistomatidae ndio wa ajabu kuliko wote. Kifua chao kimejenga ngao inayofunika matamvua na sehemu kubwa ya mwili, hata mdudu akaonekana kama mbawakawa mdogo au kiumbe wa jamii ya kamba na kaa. Si wanafunzi tu waliodanganyika. Geoffroy, mtaalamu wa Paris aliyemweleza mwaka 1762, alimweka pamoja na jamii ya kaa, na Latreille alifanya vivyo hivyo mwaka 1833 alipolipa kundi hili jina la Prosopistoma kutokana na vielelezo vya Madagaska. Miongo mingi ilipita kabla haijakubalika kwamba huyu ni efemera. Spishi ya Prosopistoma africanum ilielezwa mwaka 1954 na M. T. Gillies, mtaalamu wa mbu wa malaria aliyefanya kazi Amani, katika milima ya Usambara, na ambaye aliwapenda efemera kiasi cha kuwa mmoja wa waliowajua zaidi katika Afrika Mashariki. Kereng'ende adimu wa misitu ya Amani, Amanipodagrion gilliesi, amepewa jina lake.

Ziwani hali ni tofauti. Katika Ziwa Viktoria, mbao zilizozama, mashina ya mafunjo na hata sehemu za chini za mitumbwi hutobolewa na tunutu wa Povilla adusta. Huyu ana pembe mbili ngumu zinazochomoza mbele ya kichwa, matamvua yenye manyoya mengi, na huishi ndani ya tundu alilolichimba na kulitandika hariri ndani. Kumpata kunahitaji kupasua mti uliooza, kazi ambayo wavu hauiwezi. Waliokomaa huruka kwa makundi makubwa na kuishi saa chache tu. Utafiti wa Hartland-Rowe uliochapishwa mwaka 1955 ulionyesha kwamba kuruka kwao hufuata mwezi, na kilele chake huwa siku chache tu baada ya mwezi mpevu. Mawingu mazito ya vidudu yanayoonekana juu ya ziwa hilo kama moshi ni jambo jingine: hao ni nzi wa Chaoborus na Chironomidae, ambao uchanga wao ni wa viluwiluwi.

Plekoptera hawahitaji maelezo marefu, kwani katika mito ya Afrika Mashariki karibu wote ni wa jenasi moja, Neoperla, ya familia ya Perlidae. Tunutu huyu ana kichwa kipana, mabaka ya kahawia na manjano, vipapasio virefu, mikia miwili, kucha mbili kwa kila mguu na vishada vya matamvua chini ya kifua. Ni mwindaji, na akiwekwa katika chupa moja na efemera hai huwala kabla ya kufika nyumbani. Hupendelea maji yenye baridi, mwendo na hewa nyingi, hivyo makazi yake mazuri ni vijito vya milimani kama Usambara na Uluguru.

Kereng'ende wote, wembamba na wanene, hushiriki alama moja ambayo mdudu mwingine hana: mdomo wa chini umerefuka na kukunjwa chini ya kichwa kama mkono, na mwisho wake una kulabu mbili. Windo likikaribia, mkono huo hurushwa mbele na kurudi na chakula kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Ncha ya kibanio ikipitishwa taratibu chini ya kidevu cha mdudu aliyekufa, mkono hukunjuka na shaka yote huisha.

Wembamba wana majani matatu ya matamvua mwisho wa tumbo. Hukatika kwa urahisi na huota upya, hivyo mmoja mwenye jani moja tu au asiye nalo kabisa si spishi mpya. Coenagrionidae, walio tele katika mabwawa na mashamba ya mpunga, wana majani mapana na membamba kwa unene. Calopterygidae hujulikana kwa kipande cha kwanza cha kipapasio, ambacho ni kirefu mno kuliko vinavyofuata. Chlorocyphidae, wakaao kwenye vijito vyenye kivuli, wameachana kabisa na umbo la jani: wana miiba miwili mirefu tu, kwa kuwa tamvua la kati limefupika, na hii ndiyo sababu huchanganywa na plekoptera.

Wanene hutenganishwa kwa umbo la mdomo wa chini na kwa vipapasio. Wa Libellulidae una umbo la kijiko unaofunika uso hadi karibu na macho. Wa Aeshnidae ni bapa, na mwili wao ni mrefu wenye macho makubwa. Wa Gomphidae pia ni bapa, lakini vipapasio vyao vifupi vina vipande vinne tu, cha tatu kikiwa kinene kuliko vyote. Gomphidae huchimba mchanga na kujizika. Katika jenasi ya Neurogomphus kipande cha mwisho cha tumbo kimerefuka kuwa mrija unaofika juu ya mchanga kuvuta maji safi. Katika madimbwi ya mvua, ambako mtu hatarajii kitu cha maana, mara nyingi hupatikana Pantala flavescens, msafiri anayevuka Bahari ya Hindi. Tunutu wake hukua kwa haraka isiyo ya kawaida, miezi miwili au chini yake, kwa sababu dimbwi halitamngoja.

Kunguni wa majini ni wepesi kuwajua kwa mdomo wao ulio kama sindano, uliokunjwa chini ya kichwa. Tunutu hufanana na wazazi kwa kila kitu isipokuwa mabawa. Wanaobeba mrija wa kupumulia nyuma na miguu ya mbele ya kunasa ni Nepidae. Walio bapa na wapana ni Belostomatidae, ambao katika baadhi ya jenasi dume hubeba mayai mgongoni. Wanaoteleza juu ya maji kwa miguu mirefu ni Gerridae. Washikwe kwa kibanio: sindano hiyo huuma vibaya.

Majina haya ya familia yana kazi ya vitendo. Mfumo wa SASS wa Afrika Kusini wa kupima hali ya mito huipa kila familia alama kati ya 1 na 15 kulingana na inavyoathirika na uchafuzi, na mwaka 2015 ulichapishwa mfumo wa Tanzania uitwao TARISS uliojengwa juu ya msingi huo. Katika SASS, Oligoneuriidae hupata 15, Heptageniidae 13, Perlidae 12, Caenidae na Gomphidae 6, Coenagrionidae na Libellulidae 4, na Belostomatidae 3. Tofauti kati ya 12 na 3 si ya bahati: Belostomatidae huvuta hewa ya juu ya maji, hivyo maji yaliyoishiwa oksijeni hayawasumbui sana, ilhali tunutu wa Neoperla hutegemea oksijeni iliyomo ndani ya maji peke yake. Baetidae huhesabiwa kwa aina: aina moja hupata 4, mbili 6, zaidi ya mbili 12, na hapo ndipo kosa la kuwaita plekoptera linapoharibu hesabu nzima.

Kwenda mbele ya familia ni kazi ngumu zaidi. Tunutu wachanga hawana alama za kutosha, na spishi nyingi zilielezwa kwa mdudu mwenye mabawa tu, bila yeyote kujua mchanga wake anafananaje. Njia ya uhakika ni kumlea tunutu aliyekomaa, ambaye vifuko vyake vya mabawa vimekuwa vyeusi, katika chombo chenye maji ya mto wake na kijiti cha kupandia, kisha kuhifadhi pamoja mdudu aliyeruka na ganda aliloliacha. Kwa efemera isubiriwe mara mbili: hao ni wadudu pekee wanaojibambua tena baada ya kuwa na mabawa. Wanaohifadhiwa watiwe katika alkoholi ya asilimia 70 hadi 80, na karatasi yenye jina la mto, mahali, mwinuko, tarehe na aina ya makazi iwekwe ndani ya chupa, ikiwa imeandikwa kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka.